Kano mpya ya goti: kwa nini wiki ya kumi inatisha kuliko ya kwanza

Wiki ya kumi baada ya upasuaji nilisimama pembeni ya kiwanja chetu cha maveterani hapa Mtwara, jioni ya Jumapili, nimevaa kandambili. Goti halikuwa na uvimbe. Sikuwa nachechemea tena. Nilikuwa nimetoka nyumbani kwa miguu bila gongo, bila bajaji. Wenzangu waliponiona tu wakaanza: "Kaka, umeshapona wewe! Vaa daluga uingie hata dakika kumi, tumepungua." Nami moyo ulikuwa umeshaingia uwanjani zamani.

Kilichonizuia ni maneno ya binti anayenisimamia mazoezi tiba. Siku tatu kabla ya hapo alikuwa amenishika kisigino, ananipima, akaniambia: "Baba, miezi hii usilisikilize goti lako. Halina maumivu kwa sababu kidonda kimepona. Kano bado."

Ilinichukua muda kuelewa, na naona wengi wa rika langu, watu wa miaka 40 na kitu na 50 na kitu wanaocheza mpira, wanaokimbia joging za alfajiri au wanaoshinda juu ya baiskeli, hawajaelezwa. Mimi nilitoka hospitali na karatasi yenye mstari mmoja: afanye mazoezi. Mazoezi gani, mpaka lini, na humo ndani kunaendelea nini wakati nayafanya, hakuna aliyekaa nami kitako. Mengi niliyajua baadaye kwa kuuliza na kusoma, na mengine kwa kuumia.

Tuanze na kilichokatika. Mtaani tunasema mshipa wa goti, madaktari wanasema ligamenti, mimi nitaiita kano. Ndani ya goti kuna kano nne kubwa. Mbili ziko ubavuni, moja kila upande, na mbili zimepishana katikati kama mkasi. Inayowaangusha wachezaji ni ya mbele kati ya hizo mbili zilizopishana. Kazi yake ni kuuzuia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele wala usizunguke kupita kiasi, hasa pale mtu anapofunga breki au kugeuka ghafla huku mguu umeganda chini. Ndiyo maana wengi hawaumii kwa kukwatuliwa na mtu. Anakimbia peke yake, anageuka, anasikia "pa!", goti linamwachia, na kabla ya saa chache kupita limevimba kama papai. Uvimbe wa haraka namna ile kwa kawaida ni damu iliyomwagika ndani ya kiungo.

Kano ya ubavu wa ndani ikichanika, mara nyingi hujiunga yenyewe. Ya katikati haina bahati hiyo: imezungukwa na majimaji ya kiungo, damu inayoifikia ni kidogo, na ncha zilizokatika huachana. Kwa hiyo kwa kawaida daktari bingwa wa mifupa haishoni, anaweka nyingine. Anaingia kwa matundu madogo akiongozwa na kamera nyembamba, anasafisha mabaki, kisha anachukua ule uzi mgumu unaofunga msuli kwenye mfupa, mara nyingi wa misuli ya nyuma ya paja la mgonjwa mwenyewe, au kipande cha ule ulio chini au juu ya pia ya goti. Anatoboa njia kwenye mfupa wa paja na kwenye mfupa wa muundi, anaupitisha uzi mahali ilipokuwa kano, anaukaza kwa skrubu au kifungo kidogo. Mgonjwa akizinduka, ndani ya goti lake kuna uzi wa msuli uliopewa kazi ya kano, lakini bado haujawa kano.

Sisi wa kusini tunalo jambo la namna hii mashambani kwetu. Anayebebesha mikorosho, kazi ambayo watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele wameifundisha wakulima wengi, hukata kikonyo cha mti bora, akakiunga kwenye shina la mwingine na kukifunga kwa utepe wa nailoni. Siku za mwanzo kikonyo kinaishi kwa akiba yake. Kinaweza kuchipua majani mateke, ukikitazama kwa mbali ukasema kimeshika, kumbe pale kwenye jeraha muungano haujakomaa. Ukikitingisha kinang'oka pamoja na majani yake.

Ndani ya goti mambo hayako mbali na hapo. Uzi uliopandikizwa umetengwa na damu yake. Wiki za kwanza, chembe hai nyingi zilizokuwemo hufa. Kisha mishipa midogo ya damu ya goti huanza kuuingia, na pamoja nayo chembe hai mpya zinazobomoa msuko wa zamani na kusuka mwingine. Katika kubomoa huko uzi hulegea. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 hivi unakuwa dhaifu kuliko siku ulipofungwa. Baada ya hapo ndipo unapoanza kupata nguvu, polepole, na kazi ya kugeuka kano huendelea mwaka mzima na zaidi.

Sasa tazama maumivu yanavyokwenda. Wiki ya kwanza hulali. Wiki ya tatu unatupa gongo moja. Wiki ya nane unapanda ngazi. Wiki ya kumi unatamani mpira. Yaani kadiri uzi unavyozidi kulegea, wewe unazidi kujisikia mzima. Wiki ya kwanza hakuna anayethubutu kukimbia, maumivu yenyewe ni mlinzi. Wiki ya kumi mlinzi ameondoka na nyumba haijaezekwa.

Hii haina maana ulale kitandani kusubiri. Uzi usiobebeshwa mzigo kabisa nao hausukwi vizuri, na misuli inayoulinda inakwisha. Kinachotakiwa ni mzigo wa kiasi, unaopandishwa hatua kwa hatua: kutembea, kusimama na kukaa kitini, kupanda na kushuka kijukwaa, baiskeli isiyokwenda. Kinachokatazwa kipindi hicho ni kugeuka kwa ghafla, kuruka, kukimbia kwenye ardhi yenye mashimo, na mchanga laini wa pwani unaomzungusha mtu goti bila yeye kutaka.

Kuna jambo moja la wiki za mwanzo ambalo lingenisaidia sana kama ningelijua. Siku ya tatu nililala chali, mguu umenyooka, nikaambiwa kaza msuli wa mbele ya paja, sukuma goti chini kwenye godoro. Nikakaza. Hakuna kilichotokea. Niliutazama msuli wangu mwenyewe, uliopiga mipira miaka thelathini, umelala kama mkate. Nilikaza mpaka nikauma meno, kidole gumba cha mguu kikacheza, paja likabaki vilevile. Nilidhani wamenikata mshipa wa fahamu.

Hawakuwa wamekata kitu. Goti likivimba, linapeleka habari kwenye uti wa mgongo, na uti wa mgongo unauzima msuli wa mbele ya paja. Ni kinga ya mwili: kiungo kilichoumia kisitumike. Lakini kinga hiyo ikiendelea, msuli unanywea kwa kasi ya kutisha, na kwa mtu wa miaka 45 haurudi kwa haraka kama kwa kijana wa 20. Kwa hiyo kupunguza uvimbe ni kazi kubwa, kwa sababu ndiko kunakouamsha msuli. Mguu juu ya mito, uwe juu kuliko moyo. Barafu iliyofungwa kwenye kipande cha kanga, dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku, usiiweke juu ya ngozi tupu. Na kutokutembeatembea kupokea wageni. Pole za ndugu na majirani ni jambo jema kwetu, lakini mgonjwa asindikize kwa macho tu. Msuli wangu ulishtuka siku ya sita, mchezo mdogo kama wa samaki chini ya maji, nikamwita mke wangu aje aone.

La pili la wiki hizo ni kunyooka. Kila aliyekuja kunitazama aliuliza swali lilelile: "Linakunja?" Tunauliza hivyo kwa sababu maisha yetu ni ya kukunja goti: chooni, mkekani, msikitini, shambani kuokota korosho. Lakini goti likishindwa kukunja sana mwezi wa kwanza, kwa kawaida litakuja. Likishindwa kunyooka, hilo ndilo la kukimbilia kwa daktari, kwa sababu kovu linaweza kuota mbele ya kano mpya na kuuziba mlango wa kunyooka kabisa. Goti lisilonyooka linamfanya mtu achechemee maisha yake yote, na msuli wa paja haukazi sawasawa. Kwa hiyo usiweke mto chini ya goti, hata kama unastarehe. Weka taulo lililokunjwa chini ya kisigino, acha goti lenyewe lining'inie bila kitu chini yake, dakika kumi, mara nyingi kwa siku. Linauma, lakini ni uchungu wa kuvutika, haukati.

Kukunja huja kwa baiskeli. Baiskeli ya Phoenix, zile nzito za zamani, ina stendi ya nyuma inayoinua gurudumu. Ukiisimamisha chini ya mwembe na kuifunga vizuri isiyumbe, una mashine ya mazoezi. Kiti kiinuliwe juu ili goti lisikunjike sana, uanze kwa kuzungusha nusu mbele nusu nyuma mpaka siku mzunguko utakapokamilika. Mimi nilipanda kwa mara ya kwanza wiki ya nne, huku kijana amenishikilia. Bahari nayo inasaidia kidonda kikishafunga kabisa na daktari akiruhusu: maji yakifika kiunoni hubeba karibu nusu ya uzito wa mtu. Tembea mahali unapopajua chini yake, pasipo na mawe wala mashimo.

Watu waliounganishiwa kano na kushonewa gegedu pia, yale mapingili mawili ya umbo la mwezi mchanga yanayokaa kati ya mifupa, wana masharti makali zaidi. Wengi hukatazwa kukunja kupita pembe ya digrii 90 kwa wiki kadhaa, na wengine hawaruhusiwi kukanyagia uzito wote. Uliza kabla hujaruhusiwa kutoka wodini: gegedu langu lilishonwa, lilipunguzwa, au halikuguswa? Jibu linabadilisha ratiba nzima.

Tukija nyumbani kwetu, choo cha kuchuchumaa ndicho mtihani wa kwanza. Kuchuchumaa mpaka chini mwezi wa kwanza haiwezekani, na hata baadaye kunataka ruhusa. Fundi yeyote anaweza kutoboa kiti cha plastiki katikati na kukiweka juu ya tundu, ila kiwe kigumu na ukuta uwe karibu wa kushika, kwa sababu sakafu iliyolowa imeshawarudisha watu chumba cha upasuaji. Swala nayo iswaliwe kitini. Sharia imempa mgonjwa nafasi hiyo, na kikao cha atahiyatu ndicho kinacholikunja goti kuliko karibu kila kitu tunachofanya kwa siku.

Kisha kuna kuchua. Mama mkwe alikuja na ndoo ya maji ya moto, chumvi na majani, kwa mapenzi yote. Nilimwambia, "Mama, daktari amekataza maji ya moto siku hizi za mwanzo." Akakubali, akanipikia mbaazi za nazi na samaki, na hapo akawa amenisaidia kweli, maana msuli hujengwa na vyakula hivyo. Joto siku za mwanzo huongeza uvimbe. Mtu kukushika mguu na kuukunja kwa nguvu "ili ufunguke" kunaweza kuuchomoa uzi. Na kuchua kigimbi kilichovimba ni hatari zaidi ya yote, kwa sababu huenda humo ndani kuna damu iliyoganda, na bonge likichomoka linakwenda mapafuni.

Hapo inaingia safari. Wengi wetu hupasuliwa Dar es Salaam, na kutoka huko mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550 za basi. Kukaa kitako siku nzima, goti limekunjwa, wiki moja baada ya upasuaji, ni mwaliko wa damu kuganda. Kama una ndugu Mbagala au Temeke, kaa kwake mpaka nyuzi za kidonda zitolewe, ndipo usafiri. Kata tiketi ya kiti cha kando ya njia, upande utakaouruhusu mguu uliopasuliwa kunyooka. Kunja na kunyoosha kifundo cha mguu kila baada ya dakika chache, kila basi linaposimama shuka na magongo yako utembee kidogo, kunywa maji. Na muulize daktari kabla ya kuondoka kama unahitaji dawa ya kuzuia damu isigande, hasa kama umewahi kupata tatizo hilo, una uzito mkubwa au unavuta sigara.

Kigimbi kikivimba na kuuma upande mmoja, usingoje asubuhi. Vivyo hivyo ukipata homa huku goti limekuwa la moto na kidonda kinatoa usaha. Kifua kikibana au pumzi ikikatika ghafla, ni dharura ya saa hiyo hiyo. Na dawa za maumivu kama diklofenaki zisinunuliwe dukani kwa mazoea na mtu mwenye presha, vidonda vya tumbo au tatizo la figo. Rika letu lina wengi wa hao, na baadhi hawajapima.

Watu huniuliza kama kwa umri wetu upasuaji una maana. Umri peke yake si kizuizi. Watu waliovuka 40 hupandikizwa kano na kurudi kwenye shughuli zao. Kinachotazamwa zaidi ni kama goti limeshaanza kusagika, na mtu anataka kulifanyia nini. Lakini si kila kano iliyokatika lazima ipasuliwe. Nchini Sweden watafiti waliwagawa watu 121 katika makundi mawili: wengine walipasuliwa mapema na kufanya mazoezi, wengine 59 walianza na mazoezi, wakipasuliwa tu kama goti limeendelea kuwaachia. Matokeo yalichapishwa 2010. Baada ya miaka miwili hali za makundi hayo hazikutofautiana, na kati ya wale 59 ni 23 tu waliokuwa wamepasuliwa. Walikuwa vijana wa miaka 18 hadi 35, kwa hiyo hawatuwakilishi moja kwa moja. Hata hivyo naamini mtu wa makamo anayetaka kutembea, kulima, kuendesha baiskeli na kukimbia njia iliyonyooka anastahili kupewa miezi mitatu ya mazoezi ya dhati kabla ya kuamua. Anayetaka mpira, wenye kugeuka na kukata, au ambaye goti linamwachia hata akishuka ngazi, hesabu yake ni nyingine. Yangu lilikuwa linaniachia.

Na kurudi uwanjani? Utafiti uliofanyika Norway na kuchapishwa 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi mmoja mtu aliochelewa kurudi, mpaka kufikia miezi 9, ulipunguza kiwango cha kuumia upya kwa asilimia 51. Baada ya miezi 9, kusubiri zaidi hakukuonyesha faida ya namna hiyo. Virgil van Dijk, beki wa Liverpool, aliumia kano hii Oktoba 2020 akiwa na miaka 29, akarudi kucheza mechi ya kirafiki mwishoni mwa Julai 2021, na yeye alikuwa na wataalamu wakimtazama kila siku. Mtu wa miaka 47 mwenye kazi na familia asijipangie muda mfupi kuliko wa Van Dijk.

Lakini kalenda peke yake haitoshi. Miezi 9 ya kukaa barazani haijengi kitu. Nguvu za mguu uliopasuliwa zinapimwa dhidi ya mwenzake, na zinatakiwa zifike angalau asilimia 90. Hospitali kubwa zina mashine za kupima. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Ligula hapa kwetu na Sokoine kule Lindi, zina wataalamu wa fiziotherapia, na hata pasipo mashine wanajua vipimo vya mguu mmoja: kusimama kutoka kitini kwa mguu mmoja, kushuka kijukwaa goti likae juu ya kidole bila kuingia ndani, na kuruka mbele kwa mguu mmoja kisha kutulia pale ulipotua. Kipimo hiki cha mwisho kisijaribiwe mpaka mtaalamu aseme, maana nacho kinaweza kuikata kano.

Mimi niliruhusiwa kuruka baada ya miezi 8. Kiwanja ni uani kwetu, pale udongo ni mgumu, futi kamba ameishika binti yangu wa darasa la sita. Nikianza na mguu mzima, anapiga magoti kwenye alama ya kisigino, anasoma: sentimita 131. Mara ya kwanza mguu uliopasuliwa ulitoa 103, nami nikatua nikiyumba. Huo ni kama asilimia 79. Mwezi uliofuata 110. Jumamosi iliyopita nimeruka mara tatu, nikatulia mara zote tatu, na ndefu kuliko zote ilikuwa 115. Asilimia 90 ni 118. Ameandika kwa chaki ukutani, tarehe na namba, chini ya zile nyingine, akakunja futi yake akaiweka dirishani mpaka mwezi ujao.